Bolti Uliyoibandika kwa Gundi

Mdogo wangu,

Huku tu wazima, na mama anakusalimu. Pikipiki uliyoturudishia ilishinda gereji leo. Fundi aligusa bolti inayoshika breki ya nyuma, kichwa kikamdondokea mkononi. Ulikuwa umekibandika kwa gundi.

"Dada, huyu ni ndugu yako wa damu kweli?" aliniuliza.

Kipande kilichokatikia ndani alikitoboa kwa drili, akakizungusha kinyume mpaka kikatoka, akafunga bolti mpya. Bolti kukatika si kosa, ungesema tu. Ulijua kila Jumatatu nampakia mama kwenda hospitali, na njia yote ni mteremko. Hata adui angetuonya.

Mama bado anakusifu kwa majirani kwamba uliirudisha ikiwa imeoshwa. Sijamwambia. Njoo umwambie mwenyewe.

Dada yako