Nimemwita Baba Mkwe Kupe, Naye Anamlaumu Rafiki Yake

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisaidie kabla sijaharibu zaidi ya nilivyoharibu, maana kila simu ya mume wangu ikilia nadhani siri yangu imefichuka. Mimi ni mwalimu wa hesabu, mama wa mtoto mmoja, tunaishi kwa baba mkwe, fundi mitambo mstaafu, na kwa siri nina ukurasa mtandaoni ninaouandika kwa jina la Mpinga Mkumbo. Humo nasema yale ambayo walimu wenzangu wangenitolea macho: kwamba serikali haina kazi ya kuendesha viwanda, kwamba ukipanga bei kwa amri bidhaa inatoweka dukani, kwamba watoto hawalingani akili na shule inayojifanya haioni inawadanganya wazazi, kwamba mashine ikiweza kazi ya mtu basi iachiwe, na kwamba wanasiasa wanaotuahidi vya bure wanatuahidi vya kwetu wenyewe. Nayaamini, mshauri, sikuandikii ili niyatubu, na wasomaji wamekuwa wengi kuliko nilivyotarajia, nikavimba kichwa.

Sasa siku moja mezani baba mkwe alitusimulia kiwanda cha sabuni cha serikali alikofanya kazi mpaka kikafungwa, kwamba wageni wakubwa walikuja kukagua wakati mafuta ya kutengenezea sabuni hayajaletwa, meneja akaamuru mashine izunguke hivyo hivyo, basi yeye akawasha mkanda wa kupitishia sabuni na rafiki yake mtunza stoo, ambaye hadi leo tunamwita Bwana Stoo, akawa anachukua sabuni zile zile zilizokwisha fungwa, anapita nazo mlango wa nyuma kuzirudisha mwanzo, zikapita tena na tena mbele ya wageni, nao wakapiga makofi. Mzee alicheka mpaka akafuta machozi, akasema, "Hii ibaki hapa hapa jamani, hii ya mlango wa nyuma tunaijua mimi na yule bwana tu." Nami nilicheka, nikaosha vyombo, nikaenda kuandika. Niliweka yote isipokuwa meneja na yale mafuta, maana vilikuwa vinanipunguzia makali, na mwisho nikawaita wafanyakazi wale kupe waliomnyonya mlipa kodi.

Makala ikasambaa, na aliyeileta nyumbani ni mume wangu, ambaye anaupenda sana ukurasa ule bila kujua kwamba mwandishi wake analala naye chumba kimoja. Alidhani atamfurahisha baba yake. "Baba, sikiliza, kuna mtu kaandika kiwanda chenu!" Akasoma yote kwa sauti. Mzee akaweka kijiko chini.

"Hebu rudia hapo penye kupe."

Mume wangu akarudia, sauti ikimwishia. Mzee akasema, "Basi ni yeye. Nyumbani kwangu hamna mtu wa kunifanyia hivi."

Tangu siku hiyo hataki kumwona Bwana Stoo, mtu ambaye wamecheza karata pamoja kibarazani tangu mume wangu hajazaliwa. Juzi mzee wa watu alikuja na karata zake mfukoni, baba mkwe akanituma mimi, mimi mshauri, nikamwambie amelala, nikasimama mlangoni nikamwambia, na nikiwa bado nasema baba akakohoa ndani. Bwana Stoo akanitazama, akasema, "Haya mwanangu, msalimie akiamka." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Je, nifute makala kimya kimya yaishe? Au niandike kama Mpinga Mkumbo kwamba si Bwana Stoo aliyenipa habari? Nikisema ukweli nitaishije humu ndani, na baba huyu ndiye anayebaki na mwanangu niendapo kazini, na mume wangu atanitazama kwa jicho gani? Naogopa sana.

Mkwe Mwenye Hofu

JIBU

Mkwe, pole. Hofu hiyo ni haki yako, na kama ungekuwa huna ndipo ningeshtuka.

Maoni yako sitayagusa sana. La viwanda nakaribia kukuunga mkono. La akili za watoto naona umekurupuka, maana mwalimu aliyeamua mapema nani hawezi huacha kumfundisha. Tungebishana siku nzima na tukaagana salama. Tatizo lako si siasa. Umechukua kicheko cha mtu mezani kwake, ukatupa kipande kilichokuwa kinamtetea, ukamtukana kwa kilichobaki. Na hoja yenyewe umeiharibu, kwa sababu meneja anayeamuru mashine izunguke tupu ndiye angekuthibitishia unachokihubiri. Mwalimu wa hesabu unaficha namba ili jibu litoke unalotaka?

Lakini linaloniudhi zaidi ni hili. Nyinyi wa mrengo wako mnasema kila mtu abebe gharama ya uamuzi wake, na mkisema hivyo mimi huwapigia makofi. Haya, gharama ya uamuzi wako anaibeba nani? Mzee mwenye karata mfukoni, ambaye pengine hajui hata ukurasa ni kitu gani, anayerudi kwake kwa miguu akijiuliza amekosa nini. Unakula vya bure, bibie, vile vile unavyovipiga vita.

Kufuta kimya kimya hapana, utakuwa umejisafisha wewe tu. Kuandika kwa kujificha pia hapana, maana neno la mtu asiye na uso halimsafishi mwenye uso. Leo ukitoka kazini mwambie mume wako kwanza, kwa kuwa yeye ndiye aliyesoma kwa sauti na atajilaumu. Atafoka, mwache afoke. Kisha nenda kwa baba mkwe wewe mwenyewe, uanze na hili: "Baba, si yeye, ni mimi." Usilie kabla hujamaliza kulisema, kwa sababu ukilia atakubembeleza na hutalisema tena. Omba radhi kwa lile neno kupe na kwa siri uliyoitoa nje. Kwa maoni usiombe radhi, na akitaka mbishane kuhusu kiwanda, bishana naye kwa adabu. Makala iandike upya, meneja na mafuta vikiwemo, umsomee kabla haijatoka. Akikataa, isitoke.

Anaweza kukununia muda mrefu. Wewe endelea kumwamkia kila asubuhi, hata asipoitikia. Siwezi kukuahidi kitu.

Na usingoje akusamehe ndipo uende kwa Bwana Stoo. Vaa viatu uende leo hii, usimpigie simu. Mwambie ni wewe uliyeandika. Halafu mwambie kwamba siku ile Baba hakuwa amelala. Analijua hilo. Mwambie hata hivyo.