Maelezo ya Drusilla Bonareri Kuhusu Picha ya Kitanda

KITUO CHA POLISI, KISII
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Drusilla Bonareri, mke wa Ratemo Machogu
Umri: Miaka 29
Kazi: Kushona magodoro na kuuza vitanda katika karakana ya mume wangu, sokoni Kisii
Makao: Kiogoro
Tarehe: 26 Juni 1973

Natoa maelezo haya kwa Kiswahili ingawa Koplo ni Mkisii mwenzangu. Bwana Opondo, mpiga picha aliyefungiwa hapa tangu jana, hajui Ekegusii, nami nataka asomewe nilivyosema bila mtu kumtafsiria.

Mume wangu ni fundi wa vitanda. Mwaka jana wateja wa Kenyenya na Ekerenyo walianza kumwita, lakini kila mmoja alitaka kukiona kitanda kabla ya kuagiza. Kitanda hakibebwi kwa baiskeli, kwa hiyo tulikubaliana kipigwe picha.

Picha ya kwanza ilipigwa na mtu mwingine, na ilikuwa aibu tupu. Kitanda kiliwekwa nje juani. Na kwa kuwa huku kwetu picha isiyo na mtu huonekana imeharibika, shemeji yangu Nyangate alisimama mbele yake na koti la kanisani, mikono imenyooka kama yuko gwaride. Alikifunika nusu nzima. Mume wangu aliizungusha picha hiyo mpaka akachoka. Watu walimuuliza kijana huyu ni wa nani na kama ameoa. Hakuna aliyeuliza kitanda.

Ndipo tukamwendea Bwana Opondo, mwenye studio karibu na soko. Aliitazama ile picha akacheka. Alisema, "Mama Kemunto, hii kitanda inakaa kama boma ya mbuzi. Tandika hiyo. Weka ndani, karibu na dirisha. Mtu akiona, asikie usingizi."

Karakana yetu ni giza na vumbi la mbao. Kitanda kizuri kuliko vyote alivyowahi kutengeneza mume wangu ni kile alichonitengenezea tulipooana, chenye maua aliyoyachonga kwenye ubao wa kichwani. Kiko chumbani kwetu, na dirisha liko hapo hapo. Mimi ndiye niliyesema kipigwe hicho.

Mnamo tarehe 14 Juni, siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, Bwana Opondo alifika kwetu Kiogoro na kamera yake ya miguu mitatu. Nilikuwa nimetandika shuka zilizopigwa pasi na kile kitambaa nilichofuma mwenyewe. Mume wangu alikuwepo. Alisimama upande wa ukuta ameinua shuka nyeupe kwa mikono miwili, ili mwanga wa dirishani urudi kwenye maua. Bwana Opondo alimwambia, "Shika juu, Baba Kemunto. Mkono ikishuka, maua inapotea." Mume wangu akamjibu, "Unapiga picha ama unachora?" Tulicheka sote watatu. Kisha wakanywa chai sebuleni, na mgeni akaenda zake.

Nimeambiwa mume wangu ameandikisha hapa kwamba siku hiyo alikuwa Nyamira kutafuta mbao. Huo ni uongo, na nausema akiwa ameketi kwenye benchi hapo nje pamoja na baba yake.

Picha ilitoka safi, tukaitia kioo na kuitundika karakana. Tangu hapo wateja waliuliza kitanda tu.

Jana, Jumatatu, siku ya soko, kama saa tano, baba mkwe wangu Mzee Machogu alipita karakana. Wanaume wa pale wakamtania, "Mzee, karibu uone mahali mkamwana wako analala." Kwetu kuna heshima tunayoiita chinsoni. Baba mkwe haingii chumba cha mke wa mwanawe, wala haoni anapolala. Mzee alivunja kioo kwa fimbo, akaichana picha, akamuuliza mume wangu mbele ya watu, "Nani aliingia huko?" Mume wangu akatazama chini. Akasema, "Mimi sikuwepo, Baba." Kutoka hapo Bwana Opondo akawa mtu aliyeingia chumbani kwa mke wa mtu, na kabla ya saa nane alikuwa ameshikwa.

Chinsoni naiheshimu. Tulifikiria wateja, hatukumfikiria mzee. Lakini jambo hilo lina wazee wake wa kulitengeneza nyumbani. Halitengenezwi kwa kumfungia mtu wa watu aliyekuja kwa kazi.

Ninaulizwa kama kuna urafiki kati yangu na Bwana Opondo. Hakuna. Nimekasirika kuulizwa, na naomba iandikwe kwamba nimekasirika.

Ninaulizwa kama najua jioni nitarudi katika nyumba ya nani baada ya kusema haya. Najua. Nitarudi kwangu, na nitalala kwenye kitanda hicho hicho. Filamu bado iko studio. Bwana Opondo akitoka nitamwomba aisafishe picha upya, nasi tutaitundika. Mzee akipita, atazame upande wa barabara.

Mzee ana hasira na simlaumu. Mume wangu ndiye aliyeniumiza, maana mtu aliyecheka naye na kunywa naye chai amelala kwenye sakafu ya saruji kwa ajili ya neno lake. Kama kuingia kule ni kosa, Koplo aandike kwanza jina langu, maana nilimkaribisha, kisha la mume wangu, maana alishika shuka.

Hayo ndiyo ninayoyajua na niliyoyaona. Nimesomewa yote, na sina neno la kurudisha.

Sahihi: D. Bonareri

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika haya kama shahidi alivyosema. Nilimshauri abadilishe neno "uongo", akakataa. Alipokwisha kutia sahihi, mume wake, Ratemo Machogu, aliingia bila kuitwa, akaomba kuandikisha maelezo mapya badala ya yale ya jana. Mzee Machogu alikuwa bado kwenye benchi. Nilipoinuka kufunga mlango, Ratemo aliniomba niuache wazi, baba yake asikie.

Koplo Thadeus Angwenyi