Kulitoa Gari la Kaka Kiranjeranje

Jumamosi, Kilwa Masoko. Joto la kunata tangu asubuhi, wingu limetanda na mvua hainyeshi.

Wiki iliyopita niliazima gari la kaka yangu Hamisi, anayeishi Nangurukuru, kwenda msibani Lindi. Nikiwa narudi, taa nyekundu ya oili ikawaka. Niliiona. Nikajiambia nitasimama mbele kidogo, na sikusimama. Karibu na Kiranjeranje injini ikagonga mara mbili tatu, ikafa. Watu wakanisaidia kulisukuma hadi uani kwa mama mmoja anayeuza chai kando ya barabara.

Kaka aliponiuliza kwenye simu, nilimwambia limezima lenyewe, ghafla.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kulileta huku kwa fundi. Gari la kubebea magari mabovu lingetoka Lindi, na bei yake ilitushinda. Fundi alishauri tutafute chuma cha kuvutia, kile kinachounganisha gari na gari. Tukakikosa. Kaka akasema kamba itatosha, akamwomba jirani yake Saidi aje na pikapu.

Kaka alishika usukani wa gari bovu. Mimi nilikaa mbele na Saidi, kazi yangu kutazama nyuma.

Kwenye tambarare tulikwenda vizuri. Kwenye mteremko wa kwanza kamba ikalegea. Injini ikiwa imezima, breki inakuwa ngumu na usukani mzito. Nilimwona kaka amejiinua kwenye kiti, anakanyaga kwa miguu yote miwili, na gari bado linatujia.

"Saidi, ongeza mwendo," nikasema. "Anatugonga."

Saidi akaongeza. Kamba ikakaza kwa kishindo, ikakatika. Gari la kaka likayumba, likatoka barabarani, likasimama gurudumu moja la mbele likining'inia juu ya mtaro.

Kaka hakutoka.

Nilikimbia nikiwa sina viatu, sijui nilivivulia wapi. Nilipofika mlangoni bado ameushika usukani, shati limelowa chapachapa. Alikuwa mzima.

"Usilie, Somoe," akaniambia. "Gari kuharibika ni kitu cha kawaida. Si kosa lako."

Maneno hayo yaliniumiza kuliko kama angenitukana.

Tulikuwa bado tumesimama pale lilipokuja lori lililotoka kushusha simenti, linarudi Masoko tupu. Dereva, mtu mzima, aliitikia shikamoo zetu, akalizunguka gari akitazama. Akasema malori yanarudi matupu kila siku, tungeuliza tu tungebebwa kwa hela ya mafuta, bila kuhatarisha roho ya mtu.

Wanaume waliokuwa wakitoka shamba wakatusaidia kulitoa mtaroni na kulisukuma hadi mahali ambapo ardhi imeinuka kando ya barabara. Dereva akarudi kinyumenyume mpaka sakafu ya lori ikalingana na udongo, akalaza mbao mbili kuziba pengo. Tukasukuma. Ubao mmoja ukalia. Hakuna aliyepumua. Ukashika. Kaka akaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, akalifunga gari kamba pande nne. Saidi akatangulia na pikapu kurudi kwake.

Ndani ya lori nilikaa katikati ya kaka na dereva. Nilijaribu kunyamaza, nikashindwa.

"Kaka, taa ya oili iliwaka. Niliiona, nikaendelea kuendesha."

Dereva akakaza macho barabarani.

"Kuanzia wapi?" kaka akauliza.

"Mchinga."

Tulipofika Nangurukuru kaka akamwomba dereva asimame, akashuka, akapanda nyuma kukaa na gari lake. Njia nzima hadi Masoko nilikuwa namsikia akigonga bodi kila lori lilipokimbia sana.

Gereji walilishusha salama. Fundi akauliza limepatwa na nini. Kaka akajibu, "Liliishiwa oili, likaendeshwa hivyo hivyo." Hakumtaja aliyeliendesha. Akaniaga kwa mkono, akaenda kulala kwa mjomba. Siku zote akija Masoko hulala kwangu.

Nimekaa na sahani ya wali niliompikia. Sijui kama amenisamehe au amenisitiri tu mbele za watu.

Injini inafunguliwa asubuhi. Nitafika gereji kabla ya kaka, na fundi atajua kutoka kinywani mwangu nani alikuwa kwenye usukani.