Ukuta wa wikio

Jumatano, Mfunguo Pili, 1956

Fundi ameziba wikio leo, lile daraja la juu ya ndia lililounganisha nyumba niliyonunua hapa ufuoni na ya dada yangu, Zuhura. Wazungu watakuja kupanga kwa likizo. Siwezi kuwalaza mahali ambapo wanawake wetu hupita bila buibui.

Lakini sikumwambia Zuhura mapema. Niliona haya, nikasema kesho, kesho tena...

Alasiri alikuja na kahawa kama kawaida, akakuta ukuta.

"Kaka, umo?"

"Nimo. Zunguka mlangoni, Zuhura."

"Nivae buibui, nipige hodi kwako? Kwani nimekuwa mgeni?"

Niliegemeza shavu ukutani nimsikilize; alikwisha kwenda.

Chokaa ilikuwa mbichi. Nimenawa mara tatu, na shavu bado laniwasha.