Alama za Mkeka Shavuni

Muscat

Mke wangu Mwanaidi, ua la roho yangu,

Assalaam alaykum. Hujambo, mpenzi? Yale mafua yamekwisha? Mama naye, miguu haimsumbui? Mimi mwili mzima, ila Ijumaa ghala likifungwa nabaki chumbani nalitaja jina lako peke yangu, nilisikie tu. Miezi minane ya ndoa, na saba niko huku! Hata hivyo nikikumbuka kwamba wewe ni mke wangu, mke wangu kabisa, nacheka kama mwehu.

Nilikuandikia kwamba kila asubuhi naamka na alama za ukili wa mkeka wetu wa harusi shavuni, na wenzangu wananitania, "Shabani, mkeo kakubusu tena!" Sasa mkeka huohuo ndio tegemeo letu. Yule mwenye duka anayeagiza mikeka yako kaletewa barua na mawakili wa kampuni moja ya nje. Wanamtaka aache kuiuza, eti mchoro wa macho ya pweza ni wao, wameusajili. Wao! Mchoro ulioubuni wewe kwa vidole vyako, barazani kwa mama, Songo Mnara! Wakishinda, mikeka yako haitaingia tena nchi hii.

Mwenye duka alinipeleka kwa wakili wake, mama wa Kiomani aliyezaliwa Unguja. Aliposoma majina yetu na tarehe ya harusi ulivyovisuka ukingoni mwa mkeka, alifurahi.

"Wao walisajili miezi miwili baada ya harusi yenu. Lakini watu waliuona hadharani? Kama ulikuwa wa chumbani tu, hautusaidii."

Nikasema tumpigie somo yako, Bi Tatu, kwa kuwa ndiye aliyekufunda na kuuleta mkeka.

"Bi Tatu," wakili akamuuliza simuni, "mkeka wa harusi nani aliuona?"

"Astaghafirullahi! Mkeka wa bibi harusi auone nani? Nimefunda wari miaka yote hii, siri haijatoka kwangu!"

"Hata mtu mmoja?"

"Mwanangu, wewe huna mume? Aliyeuona ni mume!"

Wakili alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akaweka kalamu chini.

Mwanaidi, mkeka ule si uliteremshwa kwenye mashua pale Kilwa Masoko, ukakunjuliwa, ukapitishwa juu ya vichwa vya kina mama hadi kwetu, vigelegele njia nzima? Mila yenu wenyewe! Hata muuza samaki aliacha samaki wake akaja kuutazama. Bi Tatu aliogopa kuonekana somo asiyetunza siri. Mpeleke kwa wakili huko Lindi mjini ale kiapo, aeleze ya njiani tu. Mwambie kwa adabu, na shikamoo yangu, kwamba ya chumbani hakuna anayeyauliza. Na muuza samaki aende pia.

Mkeka nimeuacha kwa wakili kama ushahidi mpaka kesi iishe. Nilipewa karatasi nitie sahihi kwamba ni mali yangu. Nikatia, na chini nikaongeza: kazi ya mke wangu.

Shikamoo nyingi kwa mama yetu, na kwa kaka yako mwenye mashua. Mdogo wako mwambie kitambaa alichoniagiza nimeshakipata.

Leo nimeamka shavu tupu. Wenzangu wakanitazama, hakuna aliyecheka. Mmoja akauliza kwa upole, "Vipi, mkeo kanuna?"

Nikamjibu, "Hapana. Yuko mahakamani."

Mumeo anayelala kwenye sakafu tupu,
Shabani