Nge wa Stoo

Mjukuu wangu Tausi,

Hatujambo, bibi yako anaanika mihogo. Umeuliza kama mwoga anaweza kumkatalia bosi.

Nikiwa karani kijana hapa Mpanda, mimi na bosi wangu tulimkuta nge stoo, watoto weupe wamejaa mgongoni. Wadogo hivyo hawajiwezi mpaka wavue ngozi yao ya kwanza. Bosi akanyanyua kiatu. Mama yao hakukimbia, aliinua mkia.

Bosi akarudi nyuma. "Karani, mponde wewe!"

"Hapana, bwana."

"Kazi huitaki?"

"Naitaka. Nge simpondi."

Nikamsukumia kwenye kopo kwa ufagio, nikamwachia porini pamoja na wanawe. Kesho yake nilirudi mezani kwangu bila kuitwa, nikasubiri anifukuze. Hakunifukuza.

Mwoga anaweza, Tausi. Magoti yangu yalikuwa yanagongana.

Babu yako