Hitima ya Bi Maryamu

Gando, 14 Julai 2024

Mwanangu Shadya,

Assalamu alaikum. Sisi wazima, ila nyumba imepwaya. Mama yako tulimzika Ijumaa. Watu walikuulizia hadi nikaona haya. Kimekuzuia nini?

Mama yako mdogo,
Mwanapili

Dar es Salaam, 18 Julai

Mama mdogo,

Waalaikumu salaam. Mwili mzima, moyo ndio mgonjwa. Niliomba ruhusa kwa Bi Ruweida, mhariri wa jarida letu. Alikuwa anachagua viatu vya picha ya jalada, hata hakuinua kichwa. Akasema, "Kwani ukienda atafufuka?" Kisha akanituma kahawa. Namchukia, na sitaki kuambiwa nisamehe.

Sasa anataka kuja Gando kupiga picha za mitindo ya bibi harusi: nyumba yetu, kitanda cha samadari cha mama, nyinyi mkiimba nyuma ya warembo wake. Kaniachia nipange siku. Nimempangia siku ya arobaini ya mama. Mkubalieni kila kitu.

Mwanao,
Shadya

Gando, 22 Agosti

Mwanangu,

Salamu nyingi. Sisi salama, nami nimelala vizuri mara ya kwanza tangu msiba. Bosi wako alifika na warembo na masanduku ya nguo, akakuta milango imefungwa mtaa mzima. Kuku tu ndio waliompokea. Wote tulikuwa Mgogoni, hitima tumeihamishia kwa mjomba wako Haroub, tunamsomea mama yako. Akatufuata huko, jasho linamtoka, anadai funguo. Nikamwambia, "Kwani ukipiga picha atafufuka?"

Maneno yake mwenyewe aliyatambua. Lakini hitima haimfukuzi mtu. Nikamtanda kanga yangu kuukuu, nikamketisha mkekani katikati ya wanawake, warembo wake wanatazama. Aibu ilimkalisha mpaka dua ikaisha, na kila lilipotajwa jina la mama yako nilimkazia macho mpaka aitikie amina. Kisha nikampa pilau. Mpigapicha wake alipiga picha moja tu.

Mama yako mdogo,
Mwanapili

Dar es Salaam, 27 Agosti

Mama mdogo,

Shikamoo. Mimi mzima, na nimefukuzwa kazi, alhamdulillahi. Mpigapicha alinipa ile picha: Bi Ruweida, kanga kichwani, viganja juu, anamwombea mama ambaye yeye mwenyewe alininyima ruhusa ya kumzika. Nimeibandika mlangoni kwake, ofisi nzima wakaiona, ndipo nikaaga. Nilidhani nitacheka. Nimelia kwenye ngazi.

Kumsamehe bado. Nikishuka melini Mkoani, nipelekeni kwanza kaburini. Nyinyi mmeshamwombea mama, na hata yule ameshamwombea. Nimebaki mimi.

Mwanao,
Shadya